Mama Boksi, muuza madirisha yaliyozibwa

Haya, tegua hiki kabla hujaendelea kusoma: nyumba yangu inaelea juu ya bahari, ina dirisha, na dirisha linatazama bahari, lakini mimi niliyemo ndani bahari siioni. Nimelala wapi?

Ukisema gerezani, umekosa. Ukisema tumboni mwa samaki, umekosa zaidi, maana samaki hana dirisha. Jibu analo mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na analiuza kila siku ya kazi.

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Anafungua kufuli la ofisi ya wakala wa safari, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Anaweka mkoba chini ya meza. Anafuta kioo cha dirisha kwa gazeti lililolowa maji. Kisha anavuta kutoka nyuma ya kabati vipande viwili vya boksi la friji, vilivyokatwa umbo la mashua na kupakwa rangi ya chungwa. Rangi aliipata hapo chini dukani, mabaki ya kopo.

“Mama Boksi, meli imeshaingia?” anamtania jirani yake wa meza, binti anayekata tiketi za ndege.

“Imeingia, na nanga ndiyo wewe, maana hapo ulipokaa huinuki. Njoo unishikie.”

Ndivyo anavyoitwa hapa, Mama Boksi. Wateja wengine hawajui kama ana jina jingine.

Kazi yake ni kuuza vyumba vya meli kubwa za kitalii, zile ndefu kama mtaa, zenye ghorofa kumi na zaidi. Bei hupangwa kwa dirisha. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni cha bei ya chini. Chenye kibaraza ni cha wenye nazo. Katikati kuna vyumba ambavyo dirisha lipo, ila nje yake imening'inizwa mashua ya kuokolea watu meli ikipata ajali. Mteja analipa kama nusu ya bei ya dirisha la wazi, na atakachoona kinategemea mashua imekaa wapi. Basi kitendawili umeshakitegua.

Kwenye ramani ya meli vyumba hivyo vina alama ya pembetatu ndogo. Meli anayoiuza zaidi inavyo themanini na vinne.

“Pembetatu zote zinafanana,” anasema. “Vyumba havifanani hata kidogo. Kimoja utaona robo tatu ya bahari. Jirani yake ataona ubavu wa mashua na kamba, asubuhi, mchana na jioni.”

Hakuyajua hayo tangu mwanzo. Aliingia ofisi hii miaka kumi na mitano iliyopita akiwa msafishaji. Shule aliishia darasa la saba. Alikuwa akipiga deki huku masikio yako kwenye simu za wenzake, na mwaka wa nne, muuzaji mmoja alipokwenda kujifungua, meneja akamwomba ashike simu wiki mbili. Ndoo hakuirudia tena.

Mwaka uleule akamuuzia bwana harusi chumba cha pembetatu. Akamwambia kama na yeye alivyoambiwa, kwamba dirisha limezibwa kidogo tu. Siku ya tisa bwana harusi akarudi peke yake, akamwaga picha mezani. Zilikuwa kumi na mbili, zote rangi ya chungwa.

“Nionyeshe bahari, dada,” akamwambia. “Wewe uliyeiona, nionyeshe.”

“Sikuwa nimeiona,” anasimulia Mama Boksi. “Nilikuwa nimeuza kitu nisichokijua. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu, na yule kijana hata sauti hakupandisha. Afadhali angenitukana.”

Miezi michache baadaye wafanyakazi wa mawakala walialikwa kuitembelea meli bandarini, kwa saa tatu. Wenzake walielekea kwenye meza za chakula. Yeye alitoa mkobani futi ya kushonea, akamwomba mhudumu mmoja amfungulie milango. Alipima vyumba ishirini na sita: dirisha lina upana gani, mashua iko mbali kiasi gani, ukisimama unaona nini, ukikaa kitandani unaona nini.

“Wenzangu walirudi na matumbo,” anasema. “Mimi nilirudi na namba.”

Vyumba vilivyobaki anavijaza kwa simu. Kila mteja akirudi safari, Mama Boksi anampigia, na jibu linaingia kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Chumba fulani: ukisimama unaona, ukikaa huoni. Kingine: asubuhi mabaharia husafisha mashua, funga pazia kabla hujavaa.

Mwanzoni meneja alimjia juu. “Wewe unauza au unafukuza wateja?” Siku hizi haulizi. Mwaka wa mwisho kabla hajaanza kuwaigizia wateja mashua kwa boksi, ofisi ilipata malalamiko thelathini na moja. Mwaka jana yalikuja mawili, na mojawapo lilikuwa la mto wa kulalia.

Jumanne hii, saa tatu na nusu, wanaingia mume na mke. Mzee ni mpana wa mabega, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Mkewe anakuja nyuma yake, ameshika mkunjo wa koti la mumewe kama mtu anayepita sokoni.

“Karibuni. Mama, kiti hicho hapo.”

Mzee anamkalisha mkewe kwanza, kisha anaeleza. Ameendesha lori miaka thelathini na mitatu, ameacha mwaka jana. Mkewe alikuwa mpishi wa shule kwa miaka hiyohiyo.

“Mimi, binti yangu, nimeiona dunia kupitia kioo cha gari. Huyu ameona sufuria. Sasa ana presha ya macho. Anatia matone asubuhi na jioni, lakini daktari anasema macho yanapungua, na kilichopotea hakirudi. Nataka aione bahari taa zingali zinawaka.”

“Baba watoto, usinizike bado,” anasema mkewe. “Nipo hapa nakusikia.”

Akiba iliyomo kwenye bahasha inafika kwenye pembetatu, haifiki kwenye dirisha la wazi. Na tiketi ya pembetatu ikishalipiwa haibadilishwi. Wakikosea chumba, ndio wamekosea. Safari ya pili haipo, na mwakani macho yatakuwa wapi, hata daktari haahidi.

Mama Boksi anawauliza swali ambalo huwauliza wateja wote kabla hajagusa ramani. “Na wewe mama, unataka kuona nini huko?”

“Jua likichomoza,” anasema mzee. “Visiwa. Nyangumi, kama wapo.”

“Nimemuuliza mama, mzee wangu.”

Mkewe anacheka kidogo, anavuta mtandio begani. “Tuendelee tu, mwanangu.”

Swali linabaki hapo hapo mezani, pamoja na kalamu na kikokotoo.

Vyumba vilivyobaki vya bei yao ni viwili. Cha kwanza mashua imekaa katikati ya dirisha, lakini pande zote mbili ni wazi, na juu kuna mbingu. Kwenye daftari kina nyota tatu. Cha pili kiko kati ya mashua mbili, moja kushoto, moja kulia, na katikati kuna upenyo uliosimama wima kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Kwenye daftari kimeandikwa maneno mawili: “Hakipendi mtu.” Kwa miaka mitano amekiuza mara mbili tu.

“Kwangu mimi shauri lilikuwa limekwisha,” anakumbuka. “Kalamu nilishaishika, niandike cha nyota tatu. Lakini sijawahi kuuza bila boksi, na sikutaka kuanzia kwa mama wa watu.”

Dirisha la ofisi halitazami bahari. Linatazama barabara, kituo cha mafuta na mahali pa kuoshea magari. Anavigeuza viti viwili vikabiliane na kioo, anawakalisha, kisha anasimama mbele yao na boksi moja, katikati kabisa, kama mashua ya chumba cha kwanza.

“Haya. Barabara ndiyo bahari, pikipiki ndiyo samaki. Nihesabieni samaki mpaka niseme basi.”

Anawahesabisha kwa sababu anawajua watu. Ukimuuliza mtu kama anaona vizuri, atasema naona vizuri, hasa akiwa mstaarabu. Ukimwambia ahesabu, ustaarabu haumsaidii.

“Basi. Mzee?”

“Tisa.”

“Mama?”

“Tisa,” anasema mkewe upesi, kama mwanafunzi aliyechungulia daftari la jirani.

Mama Boksi amesikia ule upesi. Anamwomba mzee ageukie ukutani.

“Mimi? Nimefanya kosa gani?”

“Hujafanya kosa, mzee wangu. Safari hii dereva ni mama.”

Mzee anageuka huku ananung'unika, anasoma kalenda. Binti wa tiketi za ndege anaacha kazi yake naye anahesabu kimya kimya. Pikipiki zinapita, nyingine mbilimbili.

“Basi. Ngapi, mama?”

Chini, mtu anaburuta ndoo ya sabuni.

“Mbili.”

“Kumi na moja,” anasema binti wa ndege kabla hajajizuia.

Mzee anageuka na kiti chake chote. “Mbili? Mama watoto, pamepita msafara mzima!”

Mama Boksi anamwita jirani yake amshikie boksi la pili, wanasimama huku na huku, wanaacha upenyo katikati, wa upana wa mtu mmoja. Wanampa mama muda uleule. Mzee safari hii hahesabu barabara, anamwangalia mkewe.

“Ngapi?”

“Nane.” Na zilizopita ni nane.

“Sasa mimi sielewi,” anasema mzee. “Hapa pamebanwa zaidi, ndipo unaona zaidi?”

Mkewe anaiweka mikono mapajani. Anaongea na mumewe, lakini uso wake uko kwenye ule upenyo.

“Gari langu halina vioo vya pembeni, baba watoto. Vimekwisha vyote viwili. Cha mbele kipo, na chenyewe kimebaki kiduara. Nikiangalia kitu moja kwa moja, nakiona, hata sindano natunga. Cha pembeni naweza kugeuza jicho nikitafute, lakini mpaka nikipate kilipo, kimeshapita.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka juzi.”

“Kila asubuhi nakuuliza unaona, unaniambia naona!”

“Kwani nimedanganya? Naona. Hukuniuliza naona kiasi gani.”

Mzee anaiangalia miguu ya mkewe. “Ile michubuko ya miguuni uliyosema ni mbu?”

“Ndoo. Kigoda. Mlango wa kabati la chini, huo ndio adui yangu mkubwa. Na viatu vyako unavyoviacha njiani, tangu nimeolewa.”

“Ungeniambia ningeviondoa.”

“Ningekuambia ungeniondoa mimi. Ungenikalisha kwenye kochi kama redio, nisitoke hata kwenda dukani. Na pesa ya safari ungeikimbiza hospitali, wakati daktari ameshasema lake.”

Mzee anaigeuzageuza bahasha mikononi. Binti wa ndege anajifanya anatafuta karatasi kwenye droo ambayo haina karatasi.

Mama Boksi anaweka boksi chini, anaifungua ramani, anaweka kidole kwenye chumba asichokipenda mtu. Anawaeleza polepole, kwa vipimo. Dirisha liko usawa wa kitanda. Kiti kinaweza kusogezwa hadi kioo kiwe mbele ya pua. Mashua za kushoto na kulia hazisogei, mchana wala usiku, na bahari yote itakayokuwepo itakaa mbele ya macho, mama hatakuwa na haja ya kuitafuta.

“Kile cha nyota tatu ningewapa kwa moyo mweupe,” anawaambia, “na mama angeangalia rangi ya chungwa siku nane. Daftari langu niliandikiwa na wenye vioo vya pembeni.”

“Na mimi nitakaa wapi?” anauliza mzee.

“Nyuma yangu,” anasema mkewe. “Miaka thelathini na mitatu nimeutazama mgongo wa lori lako likiondoka, sasa zamu yako.”

Mzee anacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, kicheko kizito, na anaisukuma bahasha mbele. Mama Boksi anaanza kujaza fomu kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shuleni. Yeye mwenyewe hajawahi kulala kwenye meli hata usiku mmoja. Ana watoto wawili shuleni na mama yake mzazi nyumbani, na kamisheni ya pembetatu ni ndogo kuliko ya kibaraza. Anasema siku akienda atachagua chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, alale mpaka achoke.

Amefika kwenye mstari wa tarehe ya kuondoka pale mkono unapogusa mkono wake. Ni mama. Ameukuta mkono wa Mama Boksi bila kupapasa, kwa kuuangalia moja kwa moja.

“Mwanangu, uliniuliza nataka kuona nini, sikukujibu.”

“Nilikuuliza, mama.”

“Nyangumi ni wa huyu. Mimi nataka maji tu,” anasema. “Mahali pakubwa, hapana ndoo, hapana kigoda, pasipo na kitu hata kimoja cha kujikwaa.”