Jina Lililo Ndani ya Kiatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla maduka ya jirani hayajafunguliwa, Mama Soli ameshakaa kwenye kigoda chake. Magotini ana kiatu cha kulia cha msichana wa darasa la tatu, soli yake nene kuliko ya mwenzake kwa vidole vitatu. Anaipiga tupa taratibu, anapuliza vumbi, anapitisha kidole, kisha anapiga tupa tena.

"Mtoto mwenyewe mguu mmoja mfupi," anasema bila kuinua macho. "Nikikosea hapa kidogo tu, mgongo wake ndio utakaolipa."

Akisharidhika, anaokota muhuri wa chuma uliokuwa ukipata moto juu ya jiko la mkaa, anaukandamiza ndani ya kiatu, pale kinapokaa kisigino. Moshi mwembamba unapanda. Muhuri ukiondoka, yanabaki maandishi madogo ya kahawia: jina la tovuti yake.

Kila kiatu kinachotoka katika karakana hii, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la rangi, kina jina hilo. Na ndilo jina ambalo mwaka jana nusura limponyoke.

Kazi alijifunza kwa marehemu mumewe, aliyekuwa akishona viatu vya kawaida. Hivi vya miguu isiyolingana alivianza mwenyewe, baada ya mtoto wa dada yake kuvunjika paja na mfupa kuunga vibaya. Mwanzoni alikuwa akipiga muhuri wa namba ya simu. Simu ikaibiwa, laini ikakaa bila kutumika mpaka ikapewa mtu mwingine.

"Wazazi wanapiga kuulizia viatu, anapokea muuza kuku," anasema akicheka.

Hapo ndipo binti yake, ambaye ni karani, akamfungulia tovuti. Mzazi aliye mbali anachora nyayo za mtoto kwenye karatasi, anazipiga picha na kuzituma. Viatu vinafuata kwa basi. Mtoto akikua, mzazi anasoma jina ndani ya kiatu cha zamani na kuagiza vingine.

Jina la tovuti, ambalo wenye kazi hiyo huliita domeni, hulinunui likawa lako jumla. Hulipiwa kila mwaka, mfano wa kodi ya chumba. Mama Soli, ambaye kila gharama huipima kwa jozi za viatu, anakumbuka kwamba mwaka wa kwanza alitoa pesa isiyofika bei ya kamba za jozi moja. Mwaka wa pili akatakiwa kutoa faida yote ya jozi nzima.

"Nikasema hee, hawa wananiuzia au wananichezea? Binti yangu akaniambia, mama, ile ilikuwa bei ya kukukaribisha ndani. Hii ndiyo bei ya kukaa."

Akalipa, na akamwambia binti kwamba kuanzia siku hiyo atajilipia mwenyewe. Haukupita muda, ukaingia ujumbe unaosema jina linafutwa kesho yake asipotuma pesa. Akatuma mbio mbio. Kumbe ni matapeli. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenye duka la rangi, alimtania wiki nzima, akipita mlangoni na kumdai ada ya kulitumia jina la ukoo.

Mama Soli akaapa kwamba ujumbe wowote wa kudai pesa ya jina, anafuta. Akafuta wa kwanza, wa pili na wa tatu, na akajisifu kwa shemeji kwamba safari hii hawampati. Kumbe jumbe zile zilikuwa za kampuni yenyewe inayomkodisha jina, za kweli tupu.

Tovuti ikazimika. Yeye hakujua, maana hana mazoea ya kuifungua tu bila kazi. Maagizo yalipokatika alidhani wazazi wamebanwa na ada za shule.

Aliyemfungua macho ni mama mmoja aliyesafiri kutwa nzima kwa basi na mwanawe wa kiume. Namba mpya ya Mama Soli ilikuwa kwenye tovuti tu, kwa hiyo yule mama alikwenda hospitali, akaulizia wodi ya mifupa, akaelekezwa mtaa kwa mtaa. Alipofika mlangoni hata salamu alisahau.

"Kumbe upo," alisema. "Mimi nilidhani umekufa, mama."

Mtoto alikuwa amebanwa na viatu vya zamani kwa miezi. Vidole vilikuwa vimejikunja, kisigino kimetoka malengelenge. Mama Soli alimvua mwenyewe, akamwosha miguu kwenye beseni.

Fundi simu wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemweleza mambo yalivyo. Jina lilikuwa halijauzwa bado. Mwenyewe hupewa muda wa kulikomboa kwa faini, na muda huo ukipita, yeyote anaweza kulichukua. Faini yenyewe ilikuwa faida ya jozi saba.

Shemeji akashauri apate jina jipya, maana mwaka wa kwanza ni bei ya kutupa. Hata fundi simu alikiri kwamba hiyo ndiyo njia rahisi.

"Shemeji, jina jipya nitalipata," Mama Soli alimjibu. "Lakini viatu vilivyoko miguuni mwa watoto huko, nitavifuata kimoja kimoja kwenda kuvibadilisha muhuri?"



Akavunja kibubu. Zilikuwa pesa za cherehani ya ngozi, akiba ya tangu mumewe afariki. Ndiyo maana mpaka leo anashona kwa mkono, kwa msharasi na uzi uliopakwa nta, na kidole gumba chake kimekuwa kigumu kama ngozi anayoishona. Tovuti ilipowaka, picha za nyayo zilianza kuingia. Wazazi wengine walikuwa wamechora upya juu ya mchoro wa zamani, kwa sababu mtoto alikuwa amekua wakati wakimsubiri Mama Soli.

Siku hizi jina amelihamishia kwa kampuni inayotaja bei ya mwaka wa pili tangu siku ya kwanza. Ujumbe ukija, haulipi wala haufuti. Anavaa miwani, anaingia mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni na kuangalia tarehe. Kinyozi alipotaka kufungua tovuti yake, alikwenda kwanza kwa Mama Soli.

"Usiulize inaanza kwa bei gani," alimwambia. "Uliza inaendelea kwa bei gani."

Mteja wake mdogo kuliko wote ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Jozi yake iko mezani, vyote viwili vinaenea kwenye kiganja kimoja. Kampuni inaruhusu kulipia miaka kumi kwa mkupuo, na akiba anayoiweka sasa ni ya hiyo. Cherehani, anasema, itangoja.

"Daktari kaniambia huyu atakua mpaka afike miaka kumi na sita, pengine na zaidi," anasema, akipiga muhuri kijiatu cha kushoto. "Hiyo kumi nitailipa mimi, nikijaliwa. Inayobaki, binti yangu ameshajua ni ya kwake."