Mikono ya Muuza Sambaza

Mujukuu wangu, ule anayefanya kazi ya kuchora, aliweka tablete yake karibu na chai yangu. Ndani kulikuwa mwanamuke mwembamba kama ufito, kiuno ya nyigu, vidole kama mishumaa. "Nyogokuru, bibi yangu, ni wewe," akasema. Kesho yake picha ilipaswa kutumwa kwa gazeti, pamoja na maneno yangu ya zamani.

Mimi, niliyezaa watoto saba.

Yule mwanamuke alichorwa kwanza na marehemu bwana yangu, tukiwa bado Goma, kwa gazeti ndogo ya parokia. Kila mwezi picha ine: muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, beseni kichwani, anagombeza wavuvi, wanunuzi, hata padri. Kusoma nilijua kidogo tu, lakini maneno yalikuwa yangu. Nilirudi toka kuuza soko nikiwa na hasira, nikasema, yeye akaandika. Tulirudi huku Gisenyi, na mpaka leo pale soko ya Mahoko kuna wazee wananiita kwa jina la yule mwanamuke. Naitika.

Mikono yake haikuonekana hata siku moja. Iko ndani ya kitenge siku zote. Watu walitunga sababu zao: mwalimu mumoja alisema ni adabu, wavuvi walisema ameficha kisu. Sasa mujukuu wangu ananifundisha kwamba mikono iliyofichwa ni mwanamuke aliyefungwa, donc lazima tumufungue. Ananiambia hayo huku anakula mandazi yangu.

Nilichoka. "Babu yako hakujua kuchora mikono," nikasema. "Alijaribu, ikatoka miguu ya bata. Akaificha. Basi."

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafunguka: beseni ya samaki ameichora juu ya kichwa bila ngata ya kuishikilia, ni nani anabeba hivyo? Na akituma huyo nyigu, asiseme ni mimi, tena maneno yangu ayatoe yote.

"Bon," akasema polepole. "Basi mikono yako ikoje?"

Nikaiweka mezani. Kidole gumba kilichopinda, kovu la kisu, kucha nene kama za kuku. Akafuta yule mwembamba wote, akaanza upya na mukono wa kushoto. Alichora, akafuta, akachora tena. Nikachungulia.

Miguu ya bata.

"We ni wa babu yako kabisa," nikamwambia. Chai ilikuwa imepoa. Sikuondoa mikono.