Bonareri na Mama Asiyetaka Kuandikwa

Saa tatu asubuhi, mashine za kusaga mawe za mgodi wa dhahabu wa Osiri, Kaunti ya Migori, zinanguruma, na Damaris Bonareri anafanya kosa ambalo hajalifanya kwa miaka mingi. Anatoa daftari hadharani.

Daftari limefunikwa kwa karatasi ya kaki, kama la mtoto wa shule. Bonareri anataka tu kuhakikisha jina moja aliloliandika kwa penseli. Kabla hajaufikia ukurasa wenyewe, mwanamke aliyekuwa akiponda mawe kando ya njia anaweka nyundo chini.

"Madam, hiyo ni ya neti ama ya unga?"

"Si ya kitu. Namtafuta Rael. Nina ujumbe wa shangazi yake."

"Rael ni mimi."

"Wewe?" anadakia mwenzake. "Juzi si ulikuwa Dorah? Madam, andika mimi. Rael ndiyo mimi."

"Nyar Kisii, hata mimi ni Rael," anasema wa tatu, akimwita binti wa Kisii kwa sababu ya lafudhi yake. "Na kama unga ni mbili mbili, dada yangu pia ni Rael."

Kicheko kinapasuka. Dakika tano baadaye, watu kama ishirini wamemzunguka. Hapa mgodini, anayetembea na daftari huja kuandikisha watu, na anayeandikwa huenda akapata kitu. Kila mmoja anataka awemo.

Bonareri, mwenye umri wa miaka 46, hawezi kuwaeleza daftari hilo ni la nini. Yeye ni mama mshauri katika kituo kimoja cha afya karibu na Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay. Kazi yake ni kuwafuatilia akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kuanzia mimba hadi siku mtoto anapopimwa kwa mara ya mwisho, akiwa na miezi 18 na ameshaacha kunyonya.

Hupewa posho ya shilingi 7,000 kwa mwezi. Kituoni walikuwa washauri sita. Ufadhili ulipopungua, wakabaki wawili. Yeye na mwenzake wamegawana majina ya wale wanne walioondoka.

Homa Bay na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti za Kenya zenye maambukizi mengi zaidi. Barani Afrika tofauti kati ya nchi ni kubwa: nchini Eswatini, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne anaishi na virusi; nchini Senegal, hawafiki mmoja kati ya mia moja. Kenya iko katikati, na ndani ya Kenya eneo hili la ziwa liko juu.

Takwimu hizo huanzia kwenye madaftari ya vituo kama chake. Bonareri anazijua, lakini hana haja nazo sana.

"Mimi sihesabu bara," anasema. "Mimi nina watoto kumi na wawili. Kumi na mmoja najua wako wapi."

Wa kumi na mbili ni Byron, mwana wa Rael Werema, mwanamke wa Kikuria aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Rodi Kopany. Byron alipimwa akiwa na wiki sita, kisha miezi sita. Majibu yote mawili yalikuwa mazuri. Alipotimiza miezi 11, mama yake alifunga kibanda na kuondoka. Simu ikawa haipatikani. Kipimo cha miezi 12 kikapita. Cha miezi 18 nacho kimeshapita wiki sita zilizopita.

Bila dawa, kati ya watoto 15 na 45 katika kila mia huambukizwa na mama zao tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa. Mama akimeza dawa kila siku, idadi hushuka chini ya watano. Bonareri hakujua Rael alikuwa upande upi wa hesabu hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa Rodi ndiye aliyemwambia kwamba amemwona Osiri.

Kila mama anayeandikishwa huulizwa swali moja: nikija kukutafuta, niwaambie watu nini? Rael alijibu, "Sema shangazi amenitumia ujumbe."

Kwa hiyo Bonareri anasimama katikati ya umati na shangazi yake wa uongo, huku akina Rael wakiongezeka. Analirudisha daftari mkobani. Hapo ndipo anapotazama nyuma ya watu, penye turubai la bluu. Mwanamke mmoja hajainuka. Amewapa mgongo, anachekecha vumbi la mawe kwenye karai, haraka kuliko kazi yenyewe inavyohitaji.

"Ishirini walitaka niwaandike," anasema Bonareri. "Mmoja hakutaka hata nimwone. Nikajua."

Anawaambia wengine amekosea njia. Wanaguna, wanarudi kwenye nyundo zao. Anazunguka turubai, anachuchumaa kando ya karai.

"Mama Byron."

"Hajambo shangazi?" anauliza Rael bila kuinua uso.

"Shangazi amechoka kutembea. Byron yuko wapi?"

Mtoto yuko ndani, amelala juu ya gunia, ana mashavu. Bonareri anamtazama kwa muda mrefu. Anajua kwamba mashavu si kipimo.

"Dawa?" anauliza kwa sauti ya chini.

"Nameza. Nachukua hapa zahanati."

"Hapa? Kwa jina gani?"

"Bhoke. Jina la nyanya yangu. Nilisema mimi ni mgeni, nikaanza upya."

Bonareri anacheka hadi anashika goti. "Kwetu wewe umepotea, hapa wewe ni mgonjwa mpya. Kwa hesabu ya serikali wewe ni watu wawili, dada, na mmoja simpati!"

Kisha anauliza swali lililomleta yeye Osiri. Kwa nini mtoto hajapimwa?

Jibu linakuja polepole. Alipohama, kabla hajajiandikisha zahanati, Rael alikosa dawa siku nne, na siku hizo zote alikuwa ananyonyesha. Tangu hapo amezihesabu siku hizo nne kila usiku. "Kama hajapimwa, bado ni mzima," anasema. "Akipimwa, naweza kuambiwa ni mimi."

Bonareri, ambaye naye anaishi na virusi, hamwambii asiogope. Mwaka 2004 alimzika mtoto wake wa kwanza, akiwa na miezi tisa. Hakuna aliyempima. "Hadi leo sijui kama alikuwa nayo," anasema. "Kutojua hakukunisaidia kitu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia." Binti yake wa pili, Emmah, alizaliwa baada ya mama yake kuanza dawa. Hana virusi, na sasa yuko sekondari.

Rael ananawa mikono. Wanatembea dakika ishirini hadi zahanati. Byron amefungwa mgongoni.

Bonareri haruhusiwi kupima. Anayepima ni muuguzi, Omanga, ambaye kwa miezi minane amemjua Rael kama Bhoke, na hajawahi kumwona na mtoto. Anamchoma Byron kidoleni. Byron analia kwa nguvu zote za mtoto aliyeshiba. Tone la damu linawekwa kwenye kipimo. Mstari mmoja unamaanisha hana virusi. Miwili, atahitaji vipimo zaidi.

Inatakiwa kusubiri dakika kumi na tano. Mstari wa kwanza unatokea mapema, kama kawaida. Omanga anatazama saa, hatazami nyuso. Rael anautazama ukuta.

"Geuka, mama," anasema Omanga hatimaye. "Angalia mwenyewe."

Ni mstari mmoja.

Rael anakaa sakafuni. Hapigi kigelegele. Anamvuta Byron mapajani na kumpangusa kamasi kwa ncha ya kanga, tena na tena, hata baada ya kamasi kuisha.

Bonareri analifungua daftari, sasa bila wasiwasi, na kuandika matokeo. Omanga anajaza barua ya uhamisho, ili Rael Werema na Bhoke wawe mtu mmoja tena.

"Basi hutakuja tena kututafuta?" anauliza Rael.

"Byron, hapana. Ameshaacha kunyonya, amemaliza. Wewe bado una dawa zako, lakini hizo ni za Omanga."

Mpango wa Bonareri sasa ni huu. Anataka kituo chake na zahanati hiyo viwe na mama mshauri mmoja anayeishi mgodini. Ameshamwambia Omanga, na Omanga ameahidi kuandika ombi. Bonareri ana jina analotaka kulipendekeza.

"Mimi?" Rael anauliza. "Mimi si ndiye nilikutoroka?"

"Ndiyo maana nakutaka. Unajua mtu hutorokaje."

Rael anamweka Byron mgongoni, anakaza kanga, anafika mlangoni. Hapo anageuka.

"Nawajua wawili waliotoroka kama mimi," anasema.

Bonareri hamuulizi majina.

"Kaongee nao kwanza," anamwambia. "Waulize wangependa shangazi asemeje."