Siku Tuliyobishana juu ya Theluthi na Robo

Jani bichi la mgomba likichanwa hutoa harufu ya maji na udongo. Kila ninapoinusa sokoni Mbarara, wauza matoke wakifunga mizigo yao ya ndizi, moyo wangu hurudi mbio kambi ya wakimbizi ya Nakivale, darasani kwa Mwalimu Esta.

Mwalimu Esta, mkimbizi mwenzetu kutoka Kivu Kusini, alituuliza siku moja: "Mukipewa shamba, mutachukua theluthi ao robo?"

"Robo!" tulipaza sauti, mimi nikiongoza. Nne si inapita tatu?

Nyumbani tulifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hunyamaza. Furaha, msichana aliyehamia kwetu muhula ule, alikuwa na adabu ya kupita kiasi. Hatukuwahi kumsikia akitamka neno darasani. Sasa akasimama.

"Mimi nakatala."

Jamani, tulicheka! Mwalimu hakucheka, wala hakusema nani amepata. Aliweka chaki chini. "Usinielezee mimi. Elezea benzako."

Furaha akatoka mbio, akarudi na majani mawili ya mgomba. Moja akalikunja mafungu matatu, la pili manne. "Huku batu tatu bamegawana. Huku batu ine. Fungu ya nani ni kubwa?"

Nikaruka. "Unatudanganya! Jani yako ya kwanza inapita ingine!"

"Anauliza vizuri," alisema Mwalimu. "Sasa mutafanya nini?"

Benchi zikasukumwa. Tukalaza jani juu ya jani, tukayakata yalingane, tukakunja upya, wengine wakibishana kwa Kifuliiru, wengine kwa Kirundi. Kelele ikamleta mwalimu mkuu, mwenyeji wa huko, Mnyankore mrefu, fimbo mkononi. Tukaganda.

"Hii kelele ya nini, mwalimu?"

"Ni hesabu, Mkuu."

Akatutazama, akatazama majani, akaegemeza fimbo mlangoni. "Sasa nani anashinda?"

"Furaha!" Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, maana fungu la theluthi nilikuwa nimelishika mwenyewe, na lilikuwa limelipita lile la robo waziwazi. Furaha alicheka hadi akajifunika uso.

Enzi zile nilidhani Mwalimu alinyamaza kwa sababu amechoka kufundisha. Leo nami nafundisha, na kila siku jibu huniwasha ulimini, nikajiuma nisiliseme. Kumbe kimya kile kilikuwa kazi nzito. Angetujibu mwenyewe, theluthi tungeijua palepale, Furaha tusingemjua.