Safu ya Wanawake

Nilirudi nyumbani kwa baba nikiwa na binti yangu wa miaka minne, mabegi mawili, na hasira ya kutosha kijiji kizima. Ndoa yangu ya kule Chebunyo ilikuwa imekwisha, na sitaieleza hapa kwa sababu nikiieleza inaniharibia siku. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alinipa nyumba ndogo iliyo nyuma ya jikoni, akanionyesha mistari ya majani chai ya kuchuma, na hakuuliza lolote. Watu wa kwetu huita hiyo heshima. Mimi niliona ni kimya tu, na kimya humla mtu polepole.

Nina ndugu watatu wa kiume. Kwa desturi yetu sisi Wakipsigis, shamba hugawiwa wavulana, na msichana hupata la kwake kule anakoolewa. Aliyeolewa akarudi hupewa chakula na pa kulala, lakini mzee akishazikwa, macho yote humgeukia yeye. Nilishaona dada wa jirani akitolewa na ndugu zake kabla hata majani ya kaburi hayajaota, sufuria zake zimepangwa kando ya barabara kama za mnada. Kwa hiyo kila asubuhi nilipokuwa nikichuma, nilijua nachuma ya watu. Ningemuuliza baba? "Ukifa, mimi na mtoto tutakaa wapi?" Hilo si neno la kumwambia mzazi aliye hai. Nikanyamaza, na miaka miwili ikapita nikinyamaza.

Ndipo nikapata kazi ya muda ya karani wa utafiti. Tulitakiwa kupita nyumba kwa nyumba, kuanzia Chepseon hadi Kedowa, tukiuliza nani anafanya kazi gani, nani alisoma hadi wapi, nani ana simu, nani ana shamba. Wanaume safu hii, wanawake safu ile. Msimamizi wetu alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwani, aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika ofisi za mashamba makubwa ya chai. Alimpa kila mmoja wetu kishikwambi na onyo moja: ukiharibu mara ya pili, unakirudisha unaenda nyumbani.

Mimi niliharibu wiki ya kwanza. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tuliokodishiwa pale Chepseon, naye akageuza kompyuta yake nione kazi yangu. Safu ya wanaume ilikuwa imejaa: mkulima, mkulima, mkulima. Safu ya wanawake ilisema: hana kazi, hana kazi, anasaidia, hana kazi.

"Sasa niambie, mama," alisema. "Huko kwenu majani hujichuma yenyewe halafu yanapanda kikapu?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikapandwa na hasira. "Wamesema wenyewe! Mimi niliandika nilichoambiwa."

"Hebu nione mikono."

Nikainyoosha. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, maana nilikuwa nimechuma kabla ya kuja kazini. Nyani haoni kundule.

Kosa lenyewe, nadhani, lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Kwetu mkulima ni mwenye nambari ya chai, ile inayoandikwa pale kituoni majani yanapopimwa, na nambari karibu kila mara ni ya mwanamume. Mwenye nambari anaweza kukaa Nairobi miaka kumi akiendesha lori, na bado yeye ndiye mkulima. Mke anayechuma, anayepalilia na kubeba kikapu hadi kituoni anaitwa msaidizi. Hakuna aliyenidanganya. Waliniambia ukweli wanaoujua, nami niliujua huohuo, nikaubonyeza na kupita.

Nilipewa siku tatu kurudia nyumba zote. Mama msimamizi alinifundisha niache kuuliza "Unafanya kazi gani?" Niulize, "Jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini?"

Nyumba ya kwanza nilimkuta bibi mmoja, kogo kama tunavyowaita, akipukuchua maharagwe huku kikapu cha chai kimeegemezwa ukutani, bado kibichi kwa umande.

"Si nilikuambia mimi sina kazi?" alisema. "Umerudi kufanya nini?"

"Kogo, niambie ya jana tu."

Akaanza kuniambia: kukamua, kuchuma, kusimama foleni kituoni, kukata nyasi za ng'ombe, kuni, maji, kumpeleka mjukuu zahanati, kukamua tena. Katikati akaweka maharagwe chini, akaniangalia kwa mashaka.

"Hii yote ni mimi?"

"Ni wewe, kogo."

"Ai! Kumbe ndiyo maana mgongo inauma."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nilicheka hivyo nyumba nyingi siku zile tatu, na safu ya wanawake ikajaa hadi mama msimamizi akaniambia, "Sasa nakubali hicho kijiji kina watu." Kishikwambi kilibaki mikononi mwangu. Nilifurahi sana.

Lakini swali la shamba halikutibika kwa ujanja huo. Huwezi kumuuliza mtu jana alikuwa na shamba gani. Niliandika wajane wachache, na mwalimu mmoja aliyenunua kiploti chake. Binti aliyepewa shamba na baba yake sikumpata hata mmoja katika nyumba zangu zote. Kila nilipobonyeza "hapana" kwa binti wa mtu, nilihisi nimejibonyezea mwenyewe, na jioni nilikuwa mkali kwa mtoto wangu bila sababu. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Karani haruhusiwi kuhesabu nyumba yake. Ya kwetu alipewa mwenzangu mmoja, binti wa Wakikuyu wenye duka pale Kedowa, msichana mwenye adabu na sauti ya upole. Alipofika nilikuwa jikoni, maziwa yako motoni. Nilikuwa nimeapa nitatoka nje akianza, lakini mgeni hawezi kuondoka bila chai, na maziwa hayaachwi. Baba alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, karibu na moto. Nikasikia yote.

Baba alijibu kuhusu ng'ombe, simu, choo, shule. Halafu mwenzangu akauliza, "Baba, kuna mtu mwingine wa hii boma ako na shamba yake, ama umemwahidi?"

Baba akakohoa. Nilishika mwiko kwa mikono miwili.

"Hii shamba nimekata vipande nne," alisema. "Tatu ni ya vijana."

"Na ya nne, baba?"

"Si ni ya huyu anapika chai?"

Maziwa yalifurika, yakazima nusu ya moto. Mwenzangu akaniangalia, akamrudia baba. "Umemwahidi, ama ako nayo tayari?"

"Ako nayo. Sorveya alipima mwezi wa pili, na bodi ya ardhi wamekubali. Ndugu zake niliwaambia hapo mbele ya mzee wa mtaa. Mmoja alinuna. Akachoka kununa, akakula." Akanyoosha kidole kuelekea kishikwambi. "Andika ni mwanamke. Usikosee."

Sorveya huyo nilimwona akipima, nikadhani anawagawia ndugu zangu tu. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nilipanguza maziwa kwa kitambaa, nikapanguza mahali pakavu, nikapanguza tena. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani miaka miwili kilishuka, nikapumua hadi chini kabisa, nikakaa juu ya gogo la kuni. Sikuwa na hasira hata chembe, jambo ambalo kwangu ni la ajabu.

Mwenzangu alipokwisha kunywa chai na kwenda zake, nilimfuata baba aliyekuwa akitafuta fimbo yake aende kuangalia ng'ombe.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Unazunguka kila nyumba mpaka Kedowa ukiuliza watu," alisema. "Mimi hukuniuliza."