Niliwafuturisha Watu Jua Halijatua

Kosa ni langu, na nimelibeba tangu ujana mpaka uzee huu wa mkongojo. Siku mwenyekiti wa kijiji aliponiomba nimwambie mwadhini muda wa magharibi kwa kutumia saa yangu, ningesema, "Hapana, mimi sijui." Maneno matatu tu! Sikuyasema. Nilivuta mkono wa kanzu, nikakohoa kidogo kama mkubwa, nikajibu, "Hilo niachieni mimi."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa, katika kijiji kipya upande wa Kilwa. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana mwenye cheti cha sekondari na kichwa kikubwa kuliko kofia. Wenzangu walikuwa wakipalilia mikorosho. Mimi nilikuwa nakusanya saa za Kirusi.

Ndiyo, saa! Usicheke. Au cheka tu, ni haki yako. Kila nilipokwenda Lindi kufuata chaki, niliwavizia mabaharia wa Kirusi bandarini. Wao walitaka makome makubwa ya Songo Mnara na vinyago vya Kimakonde. Mimi nilitaka saa, tena siyo saa ya kawaida, bali ile ambayo hakuna mwingine anayo. Nilipata ya mzamiaji, nzito kama jiwe la mizani. Nilipata ya kipofu, yenye kifuniko cha kufunua na nukta za kupapasa. Kila asubuhi nilizipanga kitandani, nikazitia ufunguo moja moja, huku uji unapoa.

Ya saba ndiyo iliyoniponza. Baharia aliniapia kwamba ni ya rubani, akipiga mikono kama kunguru anayepaa. Uso wa saa hiyo ulikuwa na namba hadi ishirini na nne! Hata mimi msomi niliisoma kwa kuhesabu vidole. Niliipata kwa kuibadilisha na redio ya marehemu baba yangu, redio ambayo kijiji kizima kilirekebishia saa. Yaani nilitoa kitu pekee cha kuniambia kama saa zangu zinasema kweli, nikachukua saa nyingine. Msomi huyo!

Mwadhini wetu alikuwa Mzee Athumani, Mmwera mmoja mpole, asiyewahi kumiliki saa. Ramadhani ikifika alisimama nyuma ya msikiti, akatazama mashariki mpaka weusi wa usiku upande juu, ndipo akaadhini. Tena alikuwa baba yake Zainabu, na kwa Zainabu nilikuwa nimepeleka barua ya posa. Jibu, mzee alisema, ningelipata baada ya Idi. Lakini alikwisha kuanza kuniita mwanangu, nami nilijua maana yake.

Mwaka huo mvua za kwanza ziliangukia katikati ya mfungo. Mawingu yalifunika mbingu wiki nzima, Mzee Athumani akawa anangoja sana, watu wenye njaa wakawa wananung'unika. Ndipo mwenyekiti alipokuja na wazo lake la maendeleo.

Siku ya tatu ya kazi yangu mpya, saa iliniambia tayari.

"Mzee, adhini."

Akatazama mashariki. "Mwanangu, mbona weusi siuoni?"

"Mzee, saa hii imevaliwa na rubani. Rubani anaishi juu ya mawingu!"

Alicheka kidogo. "Haya. Kama Mrusi kasema, mimi nani?"

Akaadhini. Watu wakauvamia uji na mihogo. Halafu, jamani, wingu likapasuka upande wa magharibi! Jua likatoka, duara zima, limekaa juu ya mikorosho linatutazama.

"Tema! Tema!"

"Nimeshameza!"

"Rudisha basi!"

"Nirudishe vipi, mimi ng'ombe?"

Imamu alituita barazani pa msikiti. "Siku hii sote tutailipa baada ya Idi," alisema. "Sasa nani aliyesema muda umeingia?"

Mzee Athumani alinitazama mimi. Alikuwa ananipa nafasi. Ningesema saa yangu imekimbia, ningechekwa mpaka Idi, basi. Badala yake mkono wangu wa kulia ulipenya ndani ya mkono wa kushoto wa kanzu, ukavuta kitufe cha pembeni mwa saa, ukarudisha mishale nyuma. Kisha nikanyoosha mkono wa kushoto mbele ya watu.

"Tazameni wenyewe. Saa yangu inasema bado. Mimi sikumwambia kitu."

Wakainama, wakaitazama, wakatikisa vichwa kwa hekima. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuisoma!

Mzee akasema, "Basi ni mimi. Macho yamechoka. Nisameheni, ndugu zangu."

Astaghfirullah! Nami nikaitikia pamoja na wengine, "Tumekusamehe, mzee."

Kesho yake akawekwa mwadhini mwingine. Watu wakawa wanamtania njiani, "Mzee Athumani, leo tunafuturu saa ngapi? Saa tisa?" Naye anacheka, anapita.

Zainabu hakucheka. Siku ile alikuwa upande wa wanawake, kwenye sufuria la uji. Alinifuata darasani wanafunzi walipokwisha kuondoka.

"Niliviona vidole vyako," aliniambia.

"Zainabu, nisikilize..."

"Baba amekusitiri kwa sababu alikwisha kukuita mwanawe. Mimi nilikuwa bado sijakuita kitu."

"Nitakwenda kwa imamu. Nitasema ukweli leo hii."

"Nenda. Nakusubiri hapa."

Msikiti ulikuwa mbali kama hatua mia. Nilifika mlangoni. Imamu alikuwa ndani na wazee wawili, mmoja wao akaniona, akasema kwa sauti, "Huyo, msomi wetu!" Nikasema nimekuja kuuliza kama wanahitaji chaki. Chaki, msikitini! Nikazunguka kwa njia ya kisimani. Zainabu alinisubiri mpaka adhana ya alasiri, ya yule mwadhini mpya, ndipo akaenda zake.

Baada ya Idi barua yangu ilirudishwa. Mwaka uliofuata akaolewa Kitomanga. Mzee Athumani hakuadhini tena mpaka tulipomzika, na kila aliponikuta njiani aliitikia shikamoo yangu kwa marahaba nzima, bila kupunguza hata herufi. Afadhali angenitukana!

Wewe unayesoma, ukikosea mbele za watu, sema hapo hapo. Watakucheka, watachoka, watakwenda kula. Usimwachie mzee wa watu aibu yako eti kwa kuwa yeye anaweza kuistahimili.

Mimi nilikubali kazi nisiyoiweza, kisha nikadanganya iliponishinda. Nilimkosa Zainabu, nikamkosa na baba yake, na nyumba niliyotaka kuingia nimeitazama kwa nje maisha yangu yote.