Kadogo na Mbio za Farasi wa Miaka Mitatu

Juzi, kwenye treni ya kwenda Hjulsta, msichana mmoja alikaa mbele yangu, buti zake zikinuka lami inayopakwa kwato za farasi na nyasi kavu. Nilishuka kituo kilichofuata, japo hakikuwa changu, nikakaa kwenye benchi mpaka treni mbili zikapita. Sababu yake sikuwahi kuwaambia marafiki zangu. Basi nawaambia ninyi.

Nilipokuwa na miaka tisa tuliishi Tensta, na Baba alikuwa mtunza farasi katika zizi moja nje ya mji. Kwetu Bujumbura alikuwa fundi cherehani, hata farasi hakuwahi kumgusa. Lakini farasi walimpenda. Aliwasemesha Kiswahili nao wakamtii, kuliko mimi niliyemjibu kwa Kiswidi.

Mwenye zizi, mzee Lennart, alikuwa na ubao ukutani wenye majina ya washindi wa mbio za kila vuli, mbio za farasi wa miaka mitatu wanaovuta vigari vyepesi vya magurudumu mawili. Alipenda kunisimulia zilivyoanza: babu yake na wakulima wenzake wakishindana juu ya ziwa lililoganda, farasi wakitoa mvuke puani, kisha zikahamia uwanjani, na sheria ikawekwa kwamba farasi akiacha mwendo wake akaenda shoti, anatolewa.

"Farasi ana miaka mitatu mara moja tu," aliniambia. "Mwakani atakuwa amechelewa."

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Kadogo. Kwenye karatasi alikuwa na jina refu la Kiswidi, lakini Baba alimwita hivyo tangu alipoletwa, jike mwekundu mwenye tabia ya kutafuna ncha za misuko yangu. Lennart aliniahidi kuwa Kadogo akishinda nitapigwa naye picha. Nilikuwa nimekwisha kulitangazia darasa zima picha hiyo.

Asubuhi ya mbio Baba alipiga magoti, akaushika mguu wa mbele wa Kadogo, akaupapasa juu hadi chini. Kisha akaniita nimtafsirie, maana Kiswidi chake kilikuwa kidogo.

"Mama, mwambie mzee mguu huu una moto. Kuna kitu ndani. Leo asikimbie. Umwambie hivyo hivyo."

Lennart alikuwa amesimama anatungoja, keshavaa koti la mbio. Nikaifikiria picha yangu.

"Baba anasema Kadogo ni *trött*," nikasema. Yaani amechoka.

Lennart akacheka. "Sote tumechoka. Atapumzika kesho."

Baba alinitazama mimi, akamtazama Lennart, kisha akaanza kumfunga Kadogo hatamu, taratibu sana.

Kona ya mwisho Kadogo alikuwa anaongoza. Nilikuwa nimening'inia kwenye uzio, napiga kelele, ndiyo maana nikausikia ule mlio, mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Akaanguka. Baba akaruka uzio, akakaa mchangani, akampakata kichwa. "Pole, mwanangu, pole," alikuwa akisema, mpaka daktari wa wanyama akaja na sindano ya kumpumzisha.

Jina la farasi mwingine liliandikwa kwenye ubao. Mbio ziliendelea kila mwaka, na kila vuli nilisikia kwato ndani ya mabomba yanayopasha chumba changu joto, hatua tatu, halafu kimya. Baba hakuwahi kunilaumu. Niliamini ni kwa sababu hajui.

Mwaka jana, jikoni kwake Södertälje, nilimwambia ukweli. Alikuwa anamenya viazi, wala hakuacha.

"Najua," akasema. "*Trött* lilikuwa neno la kwanza nililojifunza kazini."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Ningekataa, mzee angejua umedanganya. Angekuona mwongo mbele yangu." Akaweka kisu chini. "Nilifikiri labda nimeushika mguu vibaya. Nilijiambia hivyo, lakini mkono wangu ulikuwa unajua."

Miaka yote ile nilidhani nimemficha. Kumbe asubuhi ile, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, Baba alilazimika kuchagua kati yangu na Kadogo, akanichagua mimi, huku akijua nilichofanya.